Mwalimu ukiletewa fomu ya utafiti, isome alafu sema kweli

Kuna madam tulifundisha wote shule moja kabla hajapata uhamisho, amenitumia picha ya fomu ya ridhaa, karatasi mbili zenye maandishi madogo, ananiuliza hii nisaini au niache? Wanataka walimu wa shule yao washiriki utafiti kuhusu mafunzo ya stadi za kijamii na kihisia, na mwalimu mkuu keshasaini ya kwake, kwaiyo stafu nzima inajiona kama imeshakubali. Nikaanza kumjibu kwa ujumbe wa sauti ukawa mrefu mno, nikaona bora niandike hapa maana najua hayuko peke yake. Fomu za hivi zinafika sana kwenye shule zetu na wengi wanazisaini wamesimama mlangoni kipindi kinaendelea, chaki mkononi.

Jibu langu kwake ni shiriki. Ila isome kwanza, na ukishaingia sema kweli hata kama huo ukweli hautawafurahisha waliokuja. Hiyo ya kusema kweli ndo ngumu, na ndo nataka tuiongelee, maana mi naona utafiti mwingi wa mambo haya unategemea kitu kimoja tu ambacho hakuna profesa anayeweza kukileta na gari lake, nacho ni mwalimu kuandika kile anachokifanya kweli darasani.

Stadi zenyewe sio ngeni. Sisi tumezikuta chuoni kwa jina la stadi za maisha, malezi, ushauri nasaha. Mtoto ajue anachokisikia moyoni, aweze kukidhibiti, amuelewe mwenzake, akae vizuri na watu, aamue mambo kwa busara. Marekani kuna shirika linaitwa CASEL lilianza mwaka 1994 ndo limezipanga hivyo kwa mafungu matano na dunia nzima inanukuu hapo. Huku kwetu kuna kazi ya ALiVE iliyofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, wale walipita kaya kwa kaya wakawapima vijana wa miaka 13 mpaka 17 kwenye kujitambua, kushirikiana, kutatua matatizo na heshima. Nawapenda kwa hiyo heshima. Mzazi wa Muheza au wa Kitui ukimuuliza mtoto mwenye tabia njema yukoje, heshima itatoka mdomoni mwake mapema sana, kwaiyo kipimo ambacho hakina heshima ndani yake kwa huku kwetu kingekuwa na pengo.

Sasa swali la kwanza la madam lilikuwa hili: kama stadi ni za watoto mbona dodoso lote linaniuliza mimi? Nalala saa ngapi, nakasirika mara ngapi, najisikia kuacha kazi? Anaona kama wanamchunguza yeye.

Ndiyo, wanamchunguza yeye, na wana sababu. Huwezi kumfundisha mtoto kutulia wakati wewe mwenyewe umewaka. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Canada, Eva Oberle na Kimberly Schonert-Reichl, walichapisha kazi yao ambayo walichukua mate ya watoto wa shule za msingi asubuhi wakapima kotisoli, ile homoni inayopanda mwili ukiwa na stresi, na walimu wao wakajaza dodoso la uchovu wa kazi. Kwenye madarasa ambayo mwalimu alisema amechoka na kazi, kotisoli ya watoto asubuhi ilikuwa juu zaidi. Watoto zaidi ya 400, walimu 17. Sasa mtu makini atauliza, je ni mwalimu anayewaambukiza watoto au ni watoto wanaofika na mizigo yao wakamchosha mwalimu? Kazi ile haikuweza kujibu hilo, inaweza kuwa njia zote mbili, na mwalimu yeyote aliyewahi kushika darasa la kwanza mwezi wa kwanza atakwambia ni zote mbili. Lakini imeonyesha kwamba hali ya mwalimu na hali ya mtoto zinatembea pamoja mpaka kwenye mate, kwaiyo dodoso linalomuuliza mwalimu analalaje sio umbea.

New York nao walikuwa na mafunzo yanaitwa CARE, ya walimu tu, hakuna mtoto anayefundishwa humo. Walimu 224 wa shule 36 za msingi, nusu wakapata mafunzo ya kama saa 30 yaliyosambazwa ndani ya mwaka wa shule, kukaa kimya, kujisikiliza, kutambua hasira inapanda wapi, nusu wakasubiri. Matokeo yalitoka 2017, yaliongozwa na Patricia Jennings ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu miaka mingi, na yakaonyesha waliopata mafunzo wanazimudu hisia zao vizuri zaidi na msongo umepungua. Nikisoma vile nafurahi kwa ajili yao, alafu nafikiria mwalimu wa huku.

Maana hapa ndo naomba tuelewane na watafiti. Mwalimu wa huku hachoki kwa sababu hajui kuvuta pumzi. Anachoka kwa sababu ana watoto ambao hawaenei kwenye madawati, wengine wamekaa chini, madaftari ya kusahihisha hayabebeki kwa mkono mmoja, nyumba amepanga mbali anadandia bodaboda asubuhi na mvua ikinyesha bodaboda haifiki, makato ya mkopo yamekula mshahara ukibaki hautoshi mwezi, barua ya kupanda daraja haijaja, mtoto wake mwenyewe anaumwa na kuomba ruhusa ni mlolongo. Mwalimu huyo ukimpa semina ya kudhibiti hisia bila kumuuliza hayo, atakusikiliza kwa adabu, atasaini posho, atarudi kwenye darasa lile lile. Sisemi semina haina maana, nimekaa kwenye semina za namna hii na kuna vitu nilivyovitoa humo navitumia mpaka leo, kwa mfano kumuita mtoto pembeni badala ya kumsema mbele ya wenzake. Nasema dodoso likimuuliza mwalimu amechoka kiasi gani limuulize pia amechoshwa na nini, na pakiwa na ile nafasi ya mwisho ya "maoni mengine" madam usiiache wazi, andika yote, jaza mpaka nyuma ya karatasi.

Congo waliliangalia hili. Shirika la IRC, lile linalosaidia wakimbizi na waliokumbwa na vita, pamoja na Chuo Kikuu cha New York walifanya kazi Katanga kuanzia karibu 2010, kwenye shule ambazo walimu wengi wanaishi kwa ada za wazazi na mshahara wa serikali unaweza usionekane. Ndani ya mafunzo yale kulikuwa na vikundi vya walimu wa shule moja wanaokutana, wanajadili masomo na wanajadili pia namna ya kumfanya mtoto aliyepita kwenye vita ajisikie salama darasani. Baada ya mwaka mmoja watoto walisema walimu wao na shule zao zinawajali zaidi. Kwa upande wa walimu wenyewe, wale ambao hawajakaa sana kazini ndo morali yao ilionekana kupanda. Hiyo naiamini kabisa. Mwalimu mpya anayepelekwa kijijini peke yake hana hata wa kumuuliza, ukimpa watu wa kukaa nao mara moja kwa mwezi umempa kitu kikubwa. Na huku Tanzania tunazo Jumuiya za Kujifunza kwenye mpango wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwaiyo kikao kipo tayari, ratiba ipo tayari, na anayeleta mafunzo ya hisia angeanzia humo badala ya kutuita hotelini mjini.

Ngoja niende kwenye kiboko, maana utafiti wa stadi za hisia kwa walimu ukanda huu lazima ufike hapo, hata kama fomu imeandikwa kwa maneno laini. Kenya waliondoa viboko shuleni mwaka 2001 na Katiba ya 2010 ikaweka mkazo, Uganda walipitisha sheria 2016, Tanzania bado inaruhusiwa kwa masharti, kanuni zinasema visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kwenye kitabu. Kila mwalimu anayesoma hapa anajua kitabu kinasema nini na korido inasema nini. Sasa mtu anapokuja na dodoso lenye swali "wiki iliyopita umempiga mwanafunzi mara ngapi", mwalimu anahesabu kichwani sio viboko, anahesabu nani atasoma hili jibu.

Na hapo ndo ukweli unapopotea. Nimewasikia wenzetu wakisema wazi kabisa, mi nimeandika sifuri, kwani nichekeshe wageni? Mwingine anasema mkuu ametuambia tusiiaibishe shule. Mwingine anaogopa afisa elimu, anadhani dodoso litaishia halmashauri kwenye faili lake. Mwingine hana hofu yoyote, ila ameshapewa nauli na soda na chakula kizuri, anaona sio uungwana kuwaambia watu waliomkarimu kwamba mafunzo yao hayajamsaidia. Hii ya mwisho ndo ya kwetu kabisa, tumelelewa hivyo, mgeni haambiwi chakula chake hakina chumvi. Lakini hapa uungwana huo unamuumiza mtoto, maana mafunzo yasiyofanya kazi yataandikiwa ripoti nzuri, yatapelekwa mikoa mingine, na hela ambayo ingeongeza madawati au walimu itaenda kwenye kitu ambacho sisi wenyewe tuliokuwemo tulijua hakifanyi kazi.

Ndo maana nazipenda zile tafiti zinazowauliza pande zote mbili. Mabula Nkuba, mhadhiri wa Kitanzania, na wenzake wakiwemo Wajerumani akina Tobias Hecker, walijaribu mafunzo yanaitwa ICC-T kwenye shule nane za sekondari za serikali hapa Tanzania mwaka 2015, walimu 158 na wanafunzi 486. Mafunzo yenyewe ni siku tano na nusu, na kitu ninachokiona cha maana humo ni kwamba hawaanzi na sheria wala hawamtishi mwalimu, wanamrudisha kwenye utoto wake, wewe ulipigwaje, ulijisikiaje, ulijifunza nini pale. Mwalimu mtu mzima anakaa anakumbuka. Baada ya miezi michache walimu walisema wamepunguza kupiga na kutukana, na wanafunzi wao nao walipoulizwa peke yao walisema vimepungua, ukilinganisha na shule ambazo hazikupata mafunzo. Mwalimu na mwanafunzi wakisema kitu kimoja bila kukaa pamoja, hapo nakubali kuna kitu kimetokea.

Alafu kuna Nyarugusu, na hii ndo nataka kila mwalimu aijue. Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi iliyopo Kasulu mkoani Kigoma, Wacongo wapo toka 1996 na Warundi wakaja wengi 2015. IRC wakishirikiana na London School of Hygiene and Tropical Medicine na watafiti wa Mwanza walijaribu mafunzo yaliyoitwa EmpaTeach kwenye shule 27 za kambi ile. Yalipangwa vizuri kwelikweli. Walimu wanakaa vikundi vyao, wanaongozwa na walimu wenzao, wiki kama kumi, wanajifunza kuvaa viatu vya mtoto, kujizuia hasira inapopanda, kupanga darasa bila fimbo. Wengi wangeapa kwamba hii lazima ifanye kazi. Wakaenda kuwauliza wanafunzi, shule zilizopata na ambazo hazikupata, na hakukuonekana ushahidi kwamba vipigo vimepungua. Wakaandika hivyo hivyo mwaka 2021 kwenye jarida la kitabibu, wakachapisha, dunia ikasoma.

Nawaheshimu sana kwa hilo, watafiti wa kusema kweli ni hawa. Na nawaheshimu watoto wa Nyarugusu waliojibu bila kuremba. Fikiria kama wanafunzi wale wangefundishwa majibu na walimu, au kama wangeulizwa walimu peke yao, leo hii mafunzo yale yangekuwa yameshasambazwa kambi nyingine zote na hakuna ambaye angejua. Sasa hivi wanaojipanga kuleta mafunzo mengine wanajua pa kuanzia kujiuliza. Mi kwa upande wangu nadhani mwalimu mkimbizi anayelipwa posho kidogo, darasa limefurika, hajui kesho anarudishwa au anabaki, hasira yake haitokani na kukosa mazoezi ya kujizuia tu, na ICC-T iliwakuta walimu wa serikali wenye ajira na wanafunzi wakubwa, hali ni tofauti. Hayo ni mawazo yangu kama mwalimu, lakini nayatoa kwa sababu kuna watu walikubali kuandika kwamba haikufaulu.

Swali lingine la madam limemuuma kweli. Shule yao imeambiwa itajaza madodoso tu mwaka huu, semina zinaenda shule ya jirani, na jirani wanakula posho. Anasema huo si ubaguzi? Nikamwambia hapana dada, hiyo ni bahati nasibu, na lazima iwepo. Wanaandika majina ya shule zote zilizokubali, wanachagua bila upendeleo nani aanze, kwa sababu wakipeleka mafunzo shule zote kwa pamoja alafu mwisho wa mwaka wakakuta viboko vimepungua, watajuaje kama ni mafunzo au ni mwalimu mkuu mpya au ni waraka umetoka wizarani? Shule inayosubiri ndo inayoonyesha kingetokea nini bila mafunzo. Kwaiyo kazi ya madam ya kujaza dodoso bila kupata semina ni nusu nzima ya utafiti, si kazi ya pembeni.

Ila kusubiri kuwe na mwisho. Luwero Uganda walifanya hivyo vizuri. Shirika la Raising Voices la Kampala lina programu inaitwa Good School Toolkit, wakaijaribu kwenye shule 42 za msingi, 21 zikaanza na 21 zikasubiri, miezi 18. Programu yenyewe sio semina ya siku moja, ni walimu na wanafunzi na wazazi na uongozi wanakaa wanajipangia wanataka shule ya namna gani, kidogo kidogo, hatua kwa hatua. Mwisho wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 kwenye shule zilizopata programu na karibu 49 kwenye zilizosubiri. Alafu zilizosubiri nazo zikapewa. Hiyo ndo haki ya kundi linalosubiri, kwaiyo madam kwenye fomu yako tafuta mstari unaosema shule zinazosubiri zitapata lini, na kama haupo uliza kwa sauti mbele ya stafu yote.

Na kuna jambo lingine la Luwero ambalo watu wanalipita haraka na mi siwezi kulipita. Ukiwauliza watoto kuhusu kupigwa, watakwambia na mengine. Watoto 434 katika utafiti ule ilibidi wapelekwe kwenye huduma za ulinzi wa mtoto kwa sababu ya waliyoyasema kwenye mahojiano. Mia nne na zaidi! Maana yake ni kwamba kabla hujamuuliza mtoto lazima uwe umeshajua utampeleka wapi akikujibu. Huku kwetu kuna afisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia polisi, kuna namba ya 116 ya kupiga bure, sasa timu ya utafiti inayokuja shuleni ituambie imeongea na nani kati ya hao, maana wao wataondoka na mtoto atabaki na sisi, na mtu aliyemfanyia jambo lile huenda anakaa nyumba ya tatu kutoka shuleni.

Kuhusu siri, dodoso zuri halina jina lako, lina namba, na orodha inayounganisha namba na jina inafungiwa kwingine. Afisa elimu haletewi majibu yako, anachopata ni picha ya jumla. Ukiona mtu anakusanya madodoso akiwa na mwalimu mkuu pembeni anayapitia moja moja, hapo una haki ya kukataa na hakuna kosa umefanya. Waombe bahasha. Waombe mkae kwenye darasa tupu sio ofisini kwa mkuu. Utafiti halali Tanzania mara nyingi unakuwa na kibali cha COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, ukigusa afya na cha NIMR pia, taasisi ya utafiti wa magonjwa, na barua ya TAMISEMI au ya mkoa kuingia shuleni, waombe wakuonyeshe tu, watafiti wa kweli hawakasiriki wakiombwa, wanazo kwenye begi.

Na saini ya mkuu ni ya mkuu. Nalirudia kwa sababu stafu nyingi zinadanganyika hapo. Mkuu anaruhusu shule, wewe unaamua nafsi yako. Fomu ya ridhaa inasema hiari, na hiari inamaanisha unaweza kusema hapana leo, unaweza kusema ndiyo leo na kusema hapana baada ya muhula mmoja, na mshahara wako, cheo chako na uhamisho wako havihusiki kabisa. Unaweza kuruka swali usilotaka. Bora kuruka kuliko kuandika uongo, tena bora mara mia, swali lililorukwa linaonekana limerukwa lakini uongo unaonekana kama jibu.

Watafiti nao nina maneno nao, na nayasema kwa moyo mweupe kwa sababu nataka mrudi. Msije mwezi wa tisa darasa la saba wakiwa na mtihani wa taifa, wala mwezi wa kumi darasa la nne wakiwa na wa kwao, mtapata majibu ya watu wanaotaka muondoke. Mtupe muda ndani ya saa za kazi, mwalimu wa kike akibaki jioni kujaza kurasa zenu nyumbani kuna maji ya kuchota na watoto wa kulisha. Andikeni dodoso kwa Kiswahili cha watu, mkae na walimu wenyewe mlisome kwa sauti kabla hamjalichapa, mtaona wapi watu wanakunja uso. Mkileta mwezeshaji, awe amewahi kushika darasa, walimu wanamjua mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watoto ndani ya dakika tano za kwanza.

Na kubwa zaidi rudisheni matokeo. Hili ndo linalowauma walimu kuliko posho. Mnakuja, mnachukua, mnaondoka, baada ya miaka miwili kuna makala kwenye jarida la Kiingereza na picha ya shule yetu kwenye ukurasa wa mbele wa ripoti, na mwalimu aliyejaza zile kurasa hajui hata kama mafunzo yalifanya kazi. Hamhitaji kongamano. Karatasi moja ya Kiswahili, tulijaribu nini, tulikuta nini, nini hakikufanya kazi, tunashauri nini, mwalimu kiongozi wa jumuiya ya kujifunza anaisoma kwenye kikao cha mwezi, watu wanaijadili nusu saa, wanabishana, basi. Kama mtatuambia kwamba haikufaulu sisi hatutakasirika, tulishajua au tulishahisi, tutafurahi kwamba mlisikia.

Madam amenijibu kwamba atawauliza mambo matatu kabla ya kusaini, shule inayosubiri inapata lini, mtoto akisema jambo zito anapelekwa kwa nani, na matokeo yatarudi shuleni kwa njia gani. Nimemuongezea moja, aulize kama wanafunzi nao wataulizwa, maana bila wao majibu ya walimu peke yetu hayatoshi hata tukiwa waaminifu wote.

Kama wewe ni mwalimu na umewahi kushiriki utafiti wa namna hii, Tanga, Kigoma, Kisumu, Luwero, Lubumbashi, popote, na mkaletewa matokeo shuleni kwa lugha mnayoielewa, niandikie yaliletwaje na nani aliyasoma na watu walisemaje. Nataka niwe na mifano ya kweli ya kumuonyesha mtafiti anayesema haiwezekani.